DNA huharibika au hubadilika?

Mwalimu wa bayolojia kutoka Nakuru anauliza: "Wanafunzi wangu huandika 'sumukuvu huharibu DNA' na 'sumukuvu hubadilisha DNA' kana kwamba ni mamoja. Niwasahihishe?"

Wasahihishe, mwalimu. Kuharibika hutangulia, kubadilika hufuata, na katikati pana kunakili. Andika "kula" kwa mkono, kisha kalamu iteleze na kuikata herufi l kwa kistari. Neno limeharibika, na mwenye jicho kali ataufuta mkwaruzo huo. Asipoufuta, anayenakili ataona t na kuandika "kuta". Nakala yake ni safi, na "kuta" ni neno halali, kwa hiyo hakuna atakayelishuku. Hilo ndilo badiliko.

Ndivyo ilivyo kwenye seli. DNA huandikwa kwa besi nne, herufi zake za kemikali: adenini (A) hukaa mkabala na thimini (T), na sitosini (C) mkabala na guanini (G). Maji yaliyomo humo yakiinyang'anya kikundi chake cha amino, C hugeuka urasili (U), besi isiyo ya DNA. Kipo kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kemikali kwenye seli) kinachoitambua na kuing'oa, kisha pengo hujazwa C kwa kufuata G iliyo mkabala. Kikichelewa na kunakili kukaanza, U husomwa kama T na kuwekewa A. Katika kunakili kunakofuata, A hiyo huwekewa T. Palipokuwa na C na G sasa pana T na A, jozi halali kabisa, na kimeng'enya hakioni cha kung'oa.

Hapa hakuna aliyetenda, ni maji tu, kwa hiyo kitenzi kifaacho ni "imeharibika". Kwa sumukuvu ya mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka vizuri, mtendaji yupo: sema "imeharibiwa". Sumu hiyo ikifika kwenye ini, vimeng'enya vya ini huigeuza kuwa kemikali inayoshikamana na G. DNA ikinakiliwa ikiwa katika hali hiyo, mara nyingi mahali pa G huishia kuwa T. Hapo tu ndipo useme "imebadilika".

Kwenye daftari ningeandika: "Sumukuvu huharibu DNA, uharibifu usiporekebishwa kabla ya DNA kunakiliwa, huweza kuzaa badiliko la jeni." Kosa likiwa moja, andika "badiliko", si "mabadiliko". "Mutesheni" nalo si kosa, mradi mwanafunzi asiliite uharibifu.