Kabla hujabadili mazoezi yako kwa sababu ya video

Nilikuwa nimekimbia miaka minne bila maumivu ya maana, kisha video ya chini ya dakika moja ikanibadilisha namna ninavyokanyaga. Kocha aliyekuwa akizungumza alisema kutua kwa kisigino ni kosa, na kwamba mwili wa binadamu umeumbwa kutua kwa sehemu ya mbele ya wayo. Kilichonishika hasa ni ushahidi wake. Alionyesha makala ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Nature, kazi ya Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake. Nikasema huyu habahatishi.

Kesho yake nikavaa viatu vya soli nyembamba na kuanza kukimbilia vidole, umbali wangu uleule. Mashavu ya miguu yaliuma tangu wiki ya kwanza, lakini nilikuwa nimeshaambiwa kwamba hiyo ni misuli inaamka. Kufika wiki ya tano nilikuwa nashuka ngazi asubuhi kwa kushikilia ukuta. Kano inayounganisha shavu la mguu na kisigino ilikuwa imevimba, na ikanichukua miezi minne kurudi kukimbia.

Katika miezi hiyo niliisoma ile makala yenyewe. Ni kazi nzuri na haikudanganya popote. Watafiti walipima nguvu ya kishindo mguu unapogusa ardhi, na kati ya waliopimwa walikuwamo wakimbiaji wa Kenya waliozoea kukimbia peku tangu utotoni. Walikuta kwamba anayetua kwa mbele ya wayo hapati kile kishindo cha ghafla anachopata anayetua kwa kisigino. Hawakuhesabu nani aliumia na nani hakuumia. Hawakusema mtu mzima aliyevaa viatu maisha yake yote abadili mguu kwa usiku mmoja. Hayo yaliongezwa na kocha wa video.

Kuna jambo jingine ambalo hakuligusa kabisa. Ukibadili namna ya kutua, mzigo hauondoki mwilini, unahama tu. Goti linapumzika kidogo, na shavu la mguu pamoja na kano ya kisigino vinabeba kilichopunguzwa kule. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walichapisha matokeo ya wakimbiaji waliopewa wiki 10 kuhamia viatu vyembamba hatua kwa hatua. Picha za MRI zilionyesha kuwa dalili za kuumia kwa mifupa ya wayo zilikuwa nyingi zaidi kwao kuliko kwa waliobaki na viatu vyao vya kawaida. Hao walihama polepole. Mimi sikujipa hata siku mbili.

Kwa hiyo siku hizi nikisikia "utafiti unasema", natafuta mambo matatu: walipimwa watu gani, kilipimwa nini hasa, na kwa muda gani. Mara nyingi muhtasari wa makala unatosha kukujibu, na unasomeka bure mtandaoni. Kama waliopimwa ni vijana wa chuo na wewe una miaka 50 na goti lililowahi kufanyiwa upasuaji, bado una swali la kuuliza.

Mwili wa mzungumzaji nao hunipotosha kirahisi, nakiri. Tumbo lililochongeka linaonyesha kwamba yeye ana tumbo lililochongeka. Halionyeshi alifikaje pale, wala wangapi walifuata njia hiyohiyo wakaumia na kunyamaza. Hata mabingwa wa kweli tunawaiga vibaya. Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, na tangu hapo nimeona watu wengi wakinakili mazoezi yake makali ya uwanjani. Lakini wakimbiaji wa masafa marefu wa kiwango cha juu hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo wa taratibu kabisa. Stephen Seiler, aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi, huitaja kuwa karibu asilimia 80 ya vipindi vyao. Saa nzima ya kukimbia taratibu haivutii kamera, basi hatuioni, na tunabaki kuiga ile sehemu ndogo inayochosha.

Namba zisizo na nafasi ya tofauti nazo hunipa shaka. Ile ya kutoa umri kwenye 220 ili kupata kiwango cha juu cha mapigo ya moyo ni wastani tu. Mtu wa miaka 40 anaambiwa 180, ilhali moyo wake mwenyewe unaweza kuishia 168 au ukafika 192. Mwalimu mzuri atakutajia hilo kabla hujauliza.

Anayeuza kitu simkatai kwa sababu hiyo peke yake. Kreatini inauzwa na ni miongoni mwa virutubisho vilivyochunguzwa sana na kuonekana vinasaidia katika mazoezi ya nguvu. Ninachotazama ni kama kila tatizo linalotajwa linaishia kwenye bidhaa yake.

Mtu ninayemwamini zaidi sasa ni mtaalamu wa fiziotherapia ambaye video zake hazina mbwembwe. Ukimwuliza jambo, anakuuliza kwanza unakimbia kilomita ngapi kwa wiki, na nini kilibadilika wiki tatu zilizopita. Anasema wazi zoezi fulani halimfai nani. Anakwambia pia lini uache kumsikiliza yeye umwone daktari: maumivu ya sehemu moja juu ya mfupa, yanayozidi kadiri unavyokimbia, au yanayokuamsha usiku.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia video ya kuruka maboksi mara 100 kila siku kwa siku 30. Hajawahi kufanya mazoezi ya kuruka. Tukaitazama pamoja, tukatafuta inamfaa nani, aanze na ngapi, na afanye nini goti likiuma. Hakuna kilichotajwa hata kimoja. Amekubali kuanza na miruko 20, siku mbili kwa wiki, kwenye boksi la chini.