Kupanda Kilimanjaro huku wateja wakisubiri tovuti

Kaka, umeuliza utapandaje Kilimanjaro siku sita kwa njia ya Marangu wakati wateja wanasubiri tovuti zao na shemeji analalamika huonekani nyumbani. Usizindue tovuti wiki ya safari. Mimi nilizindua Ijumaa asubuhi nikaanza kupanda. Jumamosi fomu ya malipo ikagoma, nami niko kambi ya Horombo, mita 3,720, simu haishiki mtandao. Mteja alikasirika, na alikuwa na haki. Hifadhi nakala, mwachie mwenzako nywila.

Ila kwanza mchukue shemeji na watoto mpande siku moja tu hadi Mandara, kambi ya kwanza ya njia hiyo. Msituni mkibahatika mtawaona mbega, na kreta (shimo la volkano) ya Maundi iko jirani. Wanangu bado wanaisimulia safari yetu ya huko. Laptopu ibaki nyumbani.