Maswali yenu: Moldi imetoka na ngazi ngazi

SWALI: Habari za kazi mhariri, nimechora moldi (kalibu ya kutengenezea) ya kifuniko cha plastiki kwenye kompyuta, fundi wa mashine ya CNC, ile ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, anasema kona za ndani haziwezi kutoka kali hata afanyeje, alafu sehemu zilizopinda zina mistari mistari kama ngazi. Ananidanganya au?

JIBU: Hakudanganyi ndugu yangu. Kisu cha mashine kinazunguka, kwa hiyo kona ya ndani lazima ibaki na mviringo, kisu cha kipenyo cha milimita 6 kinakuachia rediasi (nusu ya kipenyo) ya milimita 3, ukitaka ndogo zaidi unahitaji kisu chembamba ambacho kwenye shimo refu kinatetemeka na kuvunjika. We chora rediasi kubwa kidogo kuliko ya kisu. Kona kali kabisa ni kazi ya mashine ya cheche za umeme.

Hiyo mistari sasa, kisu cha kumalizia kina ncha ya duara na kila kikipita kinaacha tuta dogo. Kwa kisu cha milimita 10, njia zikiachana milimita 1 tuta linafika kama milimita 0.025, ukiweka 0.5 tuta linashuka mpaka robo ya hapo ila muda wa kumalizia unakuwa mara mbili. Mi naona muda huo unalipa, maana mstari wa kwenye moldi utaonekana kwenye kila kifuniko.

Na kuta zipe mteremko wa digrii 1 au 2 jamani, bila hivyo kifuniko kinang'ang'ania humo humo.