Sinagogi letu na tabianchi: ni wajibu au hiari?

SWALI: Shalom, Rabi. Sinagogi letu liko Marekani. Kamati inataka tuweke paneli za sola, lakini wapo wanaosema hiyo ni siasa, si Torati. Je, sheria inatubana kama jumuiya, au kila mtu na hiari yake? Na kama inatubana, tuanzie wapi bila kuvunja Sabato?

JIBU: Shalom uvrakha, ndugu yangu.

Inawabana, na kama jumuiya hasa. Katazo la kuharibu bure, bal tashkhit, limo katika Kumbukumbu la Torati 20:19-20, pale jeshi linapokatazwa kukata miti ya matunda ya mji uliozingirwa. Maimonide, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa karne ya 12, alilipanua (Sheria za Wafalme 6:10): avunjaye vyombo, araruaye nguo, azibaye chemchemi au aharibuye chakula kwa njia ya uharibifu, naye amelivunja. Anayedhani nishati haimo humo asome Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa kale, Shabbat 67b. Humo Rav Zutra anasema anayefunika taa ya mafuta, au kufunua taa ya nafta, amevunja katazo hilo, maana mafuta huungua haraka kuliko haja.

Ama kubanana wenyewe kwa wenyewe, Mishna, sehemu ya kwanza ya Talmudi (Bava Batra 1:5), inasema watu wa mji hulazimishana kuchangia ukuta, milango na komeo, na Gemara, maelezo juu ya Mishna hiyo, 8b, inawapa mamlaka ya kuweka kanuni na kumwadhibu anayezivunja. Kwa hiyo uamuzi wa mkutano mkuu wenu unamfunga hata aliyepiga kura ya hapana. Lakini kamati nayo isivuke mpaka: sheria inakataza upotevu, haikuamuru paneli. Ndugu anayepinga paneli kwa sababu ya gharama si mwasi.

Msianzie juu ya paa. Kusanyeni bili za gesi na umeme za miezi 12, mzilinganishe na kalenda ya ibada. Mara nyingi upotevu huonekana hapo hapo: ukumbi mkuu unapashwa joto wiki nzima kwa ajili ya saa chache za Jumamosi asubuhi. Wekeni thamostati ya kupangwa, ishuke hadi nyuzi 13 za Selsiasi ukumbi ukiwa mtupu na ianze kupanda saa mbili au tatu kabla ya ibada. Msishuke zaidi, mabomba yasije yakaganda. Tena hewa ya moto isielekezwe kwenye sanduku takatifu linalotunza magombo ya Torati. Ngozi ya gombo ikikauka wino hupasuka, na herufi iliyopasuka huweza kulitia dosari gombo zima.

Kwenye Sabato ndipo kamati nyingi hukosea. Taa huachwa zikiwaka tangu Ijumaa jioni kwa sababu kuwasha na kuzima taa ni marufuku siku hiyo. Dawa yake ni taima iliyowekwa kabla ya machweo. Rabi Moshe Feinstein, mwamuzi mashuhuri wa sheria wa karne ya 20 (katika kitabu chake Igrot Moshe, Orah Hayim 4:60), aliiruhusu kwa taa tu. Wengi baada yake wanaikubali kwa viyoyozi pia, na hilo muulizeni rabi wenu. Taa za sensa ya mwendo ni balaa zaidi: mtu akiingia msalani amewasha taa kwa kutembea tu. Fundi aweke swichi ya kuipita sensa, na mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye wa kuigeuza kila Ijumaa. Kazi ya wote huwa ya hakuna.

Chakula cha kidushi, yaani cha pamoja baada ya ibada ya Sabato, kina mambo. Siku ya Sabato haifai kuosha vyombo visivyohitajika tena siku hiyo, ndiyo maana watu hukimbilia sahani za plastiki. Nunueni sahani za kutosha milo yote, ziwekwe kando baada ya kula, zioshwe Jumamosi usiku. Mkiamua kidushi kisiwe na nyama kabisa, seti moja ya vyombo inatosha badala ya mbili (ya nyama na ya maziwa, ambazo hazichanganywi), na cholenti, mchuzi mzito wa Sabato, ya maharagwe na shayiri ina uchafuzi mdogo sana kuliko ya ng'ombe. Mahali pasipo na eruvi, mpaka unaoruhusu kubeba vitu nje siku ya Sabato, watu hawawezi kubeba mabaki kwenda nayo nyumbani, kwa hiyo bila friji kubwa yataishia jalalani.

Sasa paneli. Kuzalisha umeme siku ya Sabato hakuna tatizo, hakuna mtu anayefanya kazi. Malipo ya umeme unaorudi kwenye gridi yawe kwa hesabu ya mwezi, ili ya Sabato yamezwe ndani yake, maana haifai kupata malipo ya siku hiyo peke yake. Paa likikaribia kuchakaa, libadilisheni kwanza, kwani paneli hukaa miaka 25 na zaidi, na kuzishusha na kuzirudisha ni gharama.

Sheria ya Marekani ya 2022 iliwawezesha hata wasiolipa kodi, masinagogi yakiwemo, kulipwa taslimu 30% ya gharama. Sheria ya Julai 2025 ikafupisha muda: ujenzi usipoanza kufikia 4 Julai 2026, mradi lazima uwe unafanya kazi kabla 2027 haijaisha. Pesa huja baada ya mradi kukamilika, si kabla, hivyo tafuteni mkopo wa kuziba pengo. Jisajilini kwa mamlaka ya kodi mpate namba ya usajili, kisha mjaze fomu 990-T, hata kama sinagogi halijawahi kujaza fomu ya kodi. Mweka hazina asiyejua hili hupitisha tarehe, na jumuiya hukosa theluthi karibu nzima ya fedha.