Re: Tunaweza kumng'oa mkuu wa wilaya kwa kesi?

Mkuu, umeuliza kama wakazi wa Ilemela tunaweza kwenda Mahakama Kuu hapa Mwanza ili Rais aamriwe kumtengua DC. Kufungua mnaweza, kushinda ndiyo shughuli.

Amri ya kulazimisha hutolewa pale kiongozi anapokataa kutimiza wajibu ambao sheria imemtwika. DC ni mteule wa Rais. Kumbakiza au kumtengua ni hiari ya aliyemteua. Mkiomba hivyo, wakili wa Serikali atawamaliza kwa pingamizi la awali tu, kabla hata ushahidi haujafunguliwa.

Shambulieni uamuzi wake, siyo kiti chake. Kama kawavunjia vibanda mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, bila kuwasikiliza, ombeni uamuzi huo utenguliwe. Kwanza mnaomba kibali cha mahakama cha kufungua maombi hayo, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe. Wengi wanaangukia hapo, wanapeleka barua ofisi hii na ile mpaka muda unaisha.

Halafu kumbuka ya Profesa Assad, CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) aliyeondolewa 2019. Yeye alikuwa na ulinzi wa Katiba kabisa, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Ofisini hakurudi.