Kabla Fundi Hajashika Tupa

Wanaokuja kwangu kujifunza gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni, wengi huja na chombo cha kiwandani. Kimenunuliwa Nairobi, au kimeletwa na mjomba anayefanya kazi Uarabuni, au mtalii aliyekuwa akirudi kwao alikiuza kwa bei ya kutupa. Baada ya muda mkono wa kushoto unauma, nyuzi zaonekana ziko juu mno, na mtu anaanza kuulizia fundi. Mafundi wapo. Kuna waliozoea udi wa taarabu, na kuna maseremala waliojifunza gitaa kwa kutengeneza ya bendi za mahotelini. Kumpata si kazi kubwa; kazi ni kujua umwambie afanye nini, na aanze na lipi. Kanuni yangu ni moja tu: kianze kinachong'oka, kinachokatwa kingoje. Mfupa mdogo wa daraja, ule unaokaliwa na nyuzi juu ya kile kibao kilichogundishwa usoni mwa gitaa, ukitolewa ukawekwa mwingine, ule wa zamani ungali nao na wakati wowote utaurudisha. Ubao ukishapigwa randa haurudi.

Hata hicho kinachong'oka, usikikimbilie. Watengenezaji wa gitaa hujitahidi kuweka unyevu wa hewa karakanani kati ya asilimia 45 na 55. Hapa kwetu Mombasa hupita 70 siku nyingi za mwaka, na mvua za Aprili na Mei zikishaingia ndiyo usiseme. Ubao hunywa unyevu huo, uso wa gitaa huvimba nyuma ya daraja, daraja hupanda, na nyuzi hupanda nalo. Kwa hiyo gitaa lililoteremshwa kwenye treni ya Nairobi wiki iliyopita bado halijawa gitaa la Mombasa. Liache wiki kadhaa katika chumba kile kile utakachofanyia mazoezi, ndipo upime. Anayelala kwenye AC kisha akapiga ufukweni usiku ana tabu zaidi. Huyo anunue kipima unyevu kidogo akiweke ndani ya kesi, ajue chombo chake kinaishi katika hali gani. Vipakiti vya silika navyo husaidia, lakini vikishashiba maji havina kazi tena mpaka vikaushwe au vibadilishwe.

Gitaa likishatulia, chukua kipande cha karatasi nyembamba ujaribu kukipenyeza chini ya daraja, upande wa nyuma. Kikiingia, daraja limeanza kung'oka, na mengine yote yasubiri. Legeza nyuzi, lifikishe kwa fundi, na mtu yeyote asikutilie supa glu hapo, hata akiwa na nia njema. Gundi hiyo hukauka haraka na kuacha ganda linalozuia gundi ya mbao kushika, kwa hiyo fundi atakayefuata ataanza kwa kukwangua ubao wako.

Sasa pima. Unahitaji rula ya chuma yenye milimita. Iweke juu ya freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) usome urefu hadi chini ya uzi. Kipimo cha kawaida ni milimita 4 kwa uzi wa sita, ule mnene, na milimita 3 kwa uzi wa kwanza, ule mwembamba. Wengi wenye vidole laini hupendelea 3.5 na 2.8 hivi. Ukikuta 5, mkono wako hausemi uongo. Pima pia urefu wa uzi kutoka mfupa wa juu, ule wa mwanzo wa shingo karibu na funguo za kukazia nyuzi, hadi mfupa wa daraja, na upana wa shingo pale kwenye mfupa wa juu: magitaa mengi ya klasiki hukupa milimita 650 na 52. Kipimo cha 650 kilipata nguvu kutokana na kazi za Antonio de Torres wa Almería, Hispania, aliyefariki mwaka 1892, na viwanda vya leo bado vinamfuata. Faida yake kwako ni ya mfukoni: chombo chenye vipimo vya kawaida hupatiwa mfupa na funguo kwa urahisi.

Tuje kwenye mfupa wa daraja, maana hapa ndipo pesa kidogo hufanya kazi kubwa. Magitaa mengi ya bei nafuu huja na wa plastiki. Mwombe fundi akuchongee wa mfupa wa ng'ombe. Akikutajia pembe ya ndovu aliyoihifadhi tangu zamani, mshukuru na umwambie hapana. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haina mzaha, na sikio lako halitasikia tofauti. Hesabu ya kushusha ni rahisi: ukitaka uzi ushuke milimita 1 kwenye freti ya 12, mfupa wa daraja upungue milimita 2. Upunguzwe chini, si juu, kwa sababu juu tayari pamechongwa kwa ajili ya uzi. Na chini pawe tambarare kabisa. Pakiwa na kibonde, uzi mmoja utalia kwa nguvu na mwingine utanyamaza.

Angalia pia mfupa umebaki kiasi gani juu ya daraja. Ukiwa umebaki milimita 1 tu na nyuzi bado ziko juu, tatizo si mfupa, ni pembe ya shingo. Gitaa la klasiki kwa kawaida halina kiunga cha shingo cha kufungua, na mengi hayana hata ile fimbo ya chuma ya kunyooshea shingo iliyo ndani ya magitaa ya nyuzi za chuma. Kurekebisha hapo ni kung'oa freti na kupiga randa ubao wa vidole, kazi ambayo kwa chombo cha bei ya chini hugharimu kuliko chombo chenyewe. Mimi huwaambia wenye hali hiyo waweke akiba wanunue jingine. Mfupa ukiwa mfupi kuna jambo jingine: uzi hupita juu yake kwa pembe butu na sauti hupoa. Fundi anaweza kutoboa matundu ya ziada kwenye daraja, 12 badala ya 6, uzi ufungwe ukiwa chini zaidi na ubane mfupa vizuri. Ni kazi ndogo, ila ni ya kutoboa, kwa hiyo ije baadaye.

Wapigaji wanaosafiri mara kwa mara kati ya hapa na bara ningewashauri wachongeshe mifupa miwili, mmoja mrefu kidogo na mmoja mfupi. Nairobi gitaa hukauka, uso hushuka, nyuzi huanza kugonga freti, weka mrefu. Ukirudi pwani, baada ya siku kadhaa weka mfupi. Kuubadilisha ni kulegeza nyuzi tu.

Mfupa wa juu nao una siri zake. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya kwanza. Iwe nyembamba sana, karibu isionekane. Ikiwa kubwa, ndiyo sababu kodi ya F, yaani zile sauti kadhaa zinazobonyezwa pamoja, inakutoa jasho, wala si udhaifu wa kidole. Fundi atachimba vijia vinavyopitisha nyuzi kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, huku akijaribu. Wenye viganja vidogo wana bahati hapa: si lazima shingo ichongwe upya. Mfupa mpya wenye vijia vilivyosogezwa karibu kidogo huuleta uzi kwenye kidole, na ukichoka nao unarudisha wa zamani. Ndiyo njia ya kuanzia hata kwa wa mkono wa kushoto. Mifupa yote miwili ichongwe upya kwa mpangilio uliogeuzwa, nyuzi zigeuzwe, na vialama vya ubavuni mwa shingo vihamie upande wa pili. Wapo watakaokuambia haiwezekani. Inawezekana, na kwa klasiki ni nafuu kuliko kwa gitaa la nyuzi za chuma, ambalo mfupa wake wa daraja kwa kawaida huwa umelazwa upande.

Vialama vyenyewe viombe hata kama unatumia mkono wa kulia. Ubao wa vidole wa klasiki hauna alama usoni, na anayeanza hupotea njiani kati ya freti ya 5 na ya 9. Kidoto kimoja ubavuni kwenye freti ya 7, kingine kwenye ya 5, basi.

Freti zenyewe, pwani hii zina adui wawili, chumvi ya hewani na jasho la mkono. Zikiwa na ukijani, kuzing'arisha kwatosha. Zikiwa na vibonde chini ya uzi wa kwanza na wa pili, hapo zisawazishwe zote kwa tupa ndefu iliyonyooka na kila moja irudishiwe mviringo wake. Muulize fundi kama atafunika ubao kwa utepe kabla ya kuanza. Anayesema hakuna haja, mwachie kiti akutengenezee. Funguo nazo hushika kutu. Tone la mafuta ya cherehani kwenye meno yake, na kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi, kitakuokolea nauli ya Marikiti.

Yasiyofaa nayapita haraka. Kupunguza unene wa uso au mbavu za ndani, vile vijiti vinavyoushikilia uso kwa chini: tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikipita moja kwa moja hadi chini, ni ubao mzima. Ukiona matabaka, ni plai, na plai kuichonga ni kupoteza hela. Rangi mpya: kuna kijana aliyetaka rangi ya buluu kwa fundi wa magari pale Changamwe, ili gitaa lifanane na suti za bendi. Rangi nene huzima uso. Nyuzi za chuma: kamwe. Seti ya nailoni huvuta gitaa kwa uzito wa karibu kilo 40, ya chuma hupita 70, na mbavu za klasiki hazikujengwa kwa mzigo huo.

Kwa anayepigia harusini au hotelini, pikapu, yaani kinasa sauti cha kuunganishwa na spika, ya kuwekwa chini ya mfupa wa daraja ni jambo la maana. Lakini ile yenye kisanduku cha vitufe huhitaji tundu la mstatili ubavuni, na tundu hilo ni la milele. Ipo inayotoka kwa waya kupitia kitako cha gitaa tu. Tundu lake ni dogo, nami huipendekeza hiyo kwanza. Kumbuka kuwa pikapu ina unene wake, kwa hiyo mfupa utapunguzwa tena. Iwekwe kabla ya kumaliza kazi ya urefu, si baada.

Ukienda kwa fundi, nenda na nyuzi unazozipiga, zilizokwisha kutulia. Nailoni mpya hunyooka kwa siku kadhaa na kipimo huhama. Halafu mweleze shida, dawa mwachie yeye. Fundi mmoja mzee wa Mji wa Kale mwanafunzi wangu alimwamkia kwa heshima zote, kisha akaanza kumpangia milimita. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, kaa upige kwanza, niuone mkono." Alipopiga, ikaonekana anabana uzi mbali na freti, karibu nusu ya nguvu yake ikipotea bure. Mzee alishusha nyuzi, lakini kidogo kuliko alivyoombwa, na kijana hakurudi kulalamika.

Kubalianeni bei na kazi kabla ya kuacha chombo, uandike kwenye karatasi kile kitakachokatwa na kile kitakachobadilishwa, na uombe vipande vyote vya zamani urudishiwe. Siku ya kuchukua, piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, ukisikiliza mgongano. Kisha gusa uzi bila kuubonyeza, juu kabisa ya freti ya 12, upate ile sauti ya kengele. Sasa ubonyeze hapo hapo upige tena, ukitazama apu ya kutunia kwenye simu. Sauti mbili zilingane. Zikiachana sana, huenda mfupa wa daraja haujachongwa sawa, na huo ni wajibu wa fundi kuusahihisha kabla hujamalizia malipo.