Maswali na Majibu: Binti wa Kiingereza na Uchoraji wa Mandhari, Karne ya 19

Swali: Kwa nini familia zenye uwezo ziliwafundisha mabinti kuchora mandhari kuliko watu?

Jibu: Kuchora kulihesabiwa pamoja na kinanda, kuimba na Kifaransa miongoni mwa stadi zilizompa binti sifa, hasa alipofikia umri wa kuposwa. Mchoraji wa watu alilazimika kujifunza umbo la mwili kwa kumtazama mtu asiye na nguo, jambo ambalo jamii ile ilimkataza mwanamke. Mlima, mti na magofu havikuwa na kikwazo hicho.

Swali: Masomo yenyewe yalikuwaje?

Jibu: Kwa sehemu kubwa yalikuwa ya kunakili. John Sell Cotman, mchoraji wa mandhari aliyefundisha katika mji wa Norwich, aliwaazima wanafunzi michoro yake kwa ada ili wakainakili nyumbani. Binti alianza kwa penseli, akifuta makosa kwa chembe za mkate, kisha akaingia kwenye rangi za maji. Anga ilipakwa kwa brashi iliyolowa vyema, kutoka juu kwenda chini, karatasi ikiwa imeinamishwa kidogo ili rangi iteremke yenyewe. Aliyerudia mahali palipoanza kukauka aliachiwa doa lisilofichika. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaouita uchoraji huu mchezo wa sebuleni, kwa sababu jicho na mkono vilivyozoezwa hivyo kwa miaka vilikuwa vya fundi, hata kama hakuna aliyethubutu kuviita hivyo. Malkia Victoria mwenyewe alifundishwa na mchoraji wa mandhari Edward Lear mwaka 1846.

Swali: Je, wapo walioufanya kuwa kazi?

Jibu: Wapo, ingawa mlango ulikuwa mwembamba. Shule za Royal Academy, taasisi kuu ya sanaa jijini London, hazikupokea wanawake hadi mwaka 1860, Laura Herford alipopeleka michoro iliyotiwa herufi za kwanza tu za majina yake, ikapokelewa kwa kudhaniwa kuwa ni ya mwanamume. Marianne North hakupitia shule hizo. Alianza safari zake ndefu mwaka 1871, akichora kwa rangi za mafuta mimea pamoja na mabonde na misitu inamoota, kuanzia Brazili hadi Shelisheli. Jengo la maonyesho katika bustani ya Kew, London, alilijenga kwa fedha zake, likafunguliwa mwaka 1882. Picha zaidi ya 800 zimebanana humo ukutani, kwa mpangilio alioupanga mwenyewe.